Kitatange wa Shangazi Adyero

Shangazi Adyero hakuwahi kumwonea mwanamke wivu. Aliyemnyima raha alikuwa samaki.

Mwishoni mwa 1972 mumewe, Sajini Oloya, aligawiwa nyumba Old Kampala. Wahindi waliofukuzwa walikuwa wameacha tangi la kioo sebuleni, na ndani yake kitatange wa baharini, mwenye milia ya manjano. Oloya, ambaye sauti yake ilitetemesha mahabusu, alimnong'oneza: "Umelala vizuri, mrembo?"

"Mimi hajaniuliza hivyo tangu harusi," shangazi alisema.

Kila maji yalipopungua, Oloya aliongeza maji na kopo zima la chumvi. Mjini chumvi ilikuwa adimu, na sisi tulioishi nao tulikula maharage chapwa. Shangazi, mpishi, alijua kwamba mchuzi ukikauka chumvi hubaki palepale; unaongeza maji matupu. Akanyamaza mwezi mzima, akingoja mazishi.

Jumapili moja kitatange alilala ubavu.

"Mama Anena, anakufa!" Oloya alimwita shangazi, akilia machozi kabisa.

Shangazi akayatazama yale machozi, kisha akasimama ghafla. "Weka kopo chini, mwanamume wewe! Chota hayo maji, tia yasiyo na chumvi, polepole."

Kufikia jioni samaki alikuwa anaogelea, na kopo limerudi jikoni.

Nilimuuliza kwa nini alimwokoa adui yake.

"Akiwa hai atazeeka kama mimi," akajibu. "Akifa leo, atabaki mrembo maisha yote."