Mgongo wa Mkono

Mkaguzi wa serikali hashiki birika la umeme kwa kiganja. Huligusa kwa mgongo wa mkono, maana kiganja kikipigwa na umeme hujifumba, hakiachii. Huchomeka, husubiri maji yachemke, hugusa, ndipo afungue mkoba wenye muhuri. Leo mabirika mia tatu yalikuwa yakingoja kwenda madukani. Kabla hajachomeka hata moja, mpimaji aliyeajiriwa na kiwanda akamsogezea cheti.

“Mzee wangu, usijichoshe. Sisi tumeshajipima.”

“Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake,” mzee akasema taratibu, akifungua mkoba. “Haya, mwanangu, chukua moja umpelekee mama yako achemshie chai, nami nigonge muhuri.”

Mpimaji akalitazama birika, kisha akatazama viatu vyake. Mzee akafunga mkoba, muhuri ungali ndani.