Diffuser niliyokata kwenye pipa la mafuriko, na kugonga kulikonifuata njia ya Kulesa

Wakuu, salamu kutoka Garsen.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Yote yaliyomo yamenipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema wazi. Naandika kwa simu, mtanivumilia.

Mimi ni fundi wa bodi. Nanyoosha mabati, napiga rangi, naunga bampa zilizovunjika. Gari yangu ni coupe ya Kijapani ya milango miwili. Niliinunua ikiwa imekunjika mbele, nikahangaika nayo mwaka mzima mpaka ikasimama. Nikaishusha pia, ikawa inakaribia kulamba lami.

Kwa Tana River huo ni wazimu, najua. Pale stage wananitania kwamba mbuzi akisimama barabarani, mimi nitapita chini yake.

Sasa, diffuser. Kwa wasiojua, ni kile kipande cheusi kinachokaa chini ya bampa ya nyuma, chenye mapezi yaliyosimama wima. Kwenye magari ya mashindano kinasaidia upepo wa chini ya gari utoke vizuri, gari ishike barabara. Kwenye gari ya mtaani, tuseme ukweli, ni urembo tu.

Niliutaka urembo huo mpaka nikawa nakosa usingizi. Kulikuwa na mkusanyiko wa wenye magari Malindi, Jumamosi, na sikutaka kwenda na bampa tupu.

Ya kununua ilibidi iagizwe nje na kusubiriwa. Lakini wajanja huwa wanaikata kwenye plastiki ngumu, ile ya mapipa ya bluu. Haivunjiki na haiozi.

Na mimi pipa nilikuwa nalo.

Mama yangu analima Kulesa, shamba la kando ya mto. Mafuriko ya mwisho yaliingia mpaka jikoni kwake. Maji yalipotoka tulikuta pipa kubwa la bluu limekwama katikati ya migomba, mfuniko umekazwa. Ndani mlikuwa na mahindi ya mbegu, yameshaota ukungu. Nje limezungushiwa kamba, na kamba ina kitanzi cha kutosha mkono wa mtu mzima.

Hicho kitanzi nilikiona. Sikukifikiria.

Kwetu kitu kilicholetwa na maji ni chako, isipokuwa kama kina alama. Kikiwa na alama, unatuma neno kwa watu wa juu ya mto, kijiji hadi kijiji, mpaka mwenyewe apatikane. Watu wa chini huwaambia watu wa juu. Nimekua nikiisikia hiyo, na siku zote nilidhani ni habari ya mali tu.

Hili pipa lilikuwa na alama. Mistari miwili na duara, imechomwa kwa chuma cha moto.

Mama akaipapasa na kidole. "Hii ina mwenyewe. Tuma neno juu kwanza."

Nikamwambia, "Sawa mama, nitauliza."

Wakuu, sikuuliza. Simu ninayo, na Wenje, kijiji cha juu ya mto, nina watu ninaowajua. Nilijua nikiuliza, mwenyewe atatokea, pipa litaenda, na siku moja nitalihitaji. Kwa hiyo nikanyamaza, nikalibeba mpaka gereji Garsen, likakaa huko miezi. Mkusanyiko ulipotangazwa nikalishukia na grinda.

Kamba niliikata nikaitupa jalalani. Ile plastiki nikaianika juani na mifuko ya mchanga juu yake siku mbili, ikalala. Upande mmoja nikauacha na mkunjo wake wa pipa, ili uinuke kuelekea nyuma kama diffuser ya dukani. Nikakata mapezi matano. Gundi haishiki plastiki ile, kwa hiyo kila pezi nililifunga kwa bolti na vyuma vya kona.

Alama ilikuwa imeangukia katikati kabisa. Nikaisugua mpaka kidole hakiisikii tena, nikapiga rangi nyeusi. Ikang'aa.

Malindi walinishangilia, siwezi kusema uongo. Jamaa mmoja alipiga magoti nyuma ya gari akapiga picha, akaniuliza niliagiza wapi. Nikacheka tu.

Kurudi, njia nzima kutoka Malindi mpaka Tarasaa gari ilikuwa kimya. Garsen pia kimya. Nikaunganisha barabara ya Hola ili nipitie kwa mama, saa tisa alasiri, jua kali, barabara tupu.

Kabla ya kona ya kuingia Kulesa kuna mahali lami inashuka kidogo na chini kuna kalvati, bomba la kupitisha maji. Hapo maji hukata barabara kila mafuriko. Nilipofika hapo nikasikia nyuma yangu:

Ko-ko.

Kisha: ko.

Mbili za haraka, halafu moja peke yake. Nikajua bolti imelegea. Nikasimama, nikainama, nikajaribu zote kwa spana. Zote zimekaza.

Niliporudi Garsen jioni, hapo hapo tena. Ko-ko. Ko.

Wiki hiyo nikafungua kila kitu, nikaweka washa, zile pete za mpira, kila mahali, nikafunga upya. Nikaenda kujaribu upande wa Tarasaa, nikaikanyaga vizuri, kimya kabisa. Nikageuka upande wa Hola. Kwenye kalvati ikagonga.

Nikamchukua Buya, makanika tunayegawana naye gereji, mtu asiyeamini kitu mpaka akifungue. Tulisimama pale, nikazima injini. Buya akalala chini ya gari na tochi mchana kweupe, akaangalia kila kona.

"Hii imekaza kabisa," akasema. "Hakuna kitu inagusa. Inagonga na nini?"

Akaweka kiganja juu ya diffuser ili aitikise.

Ikagonga chini ya kiganja chake. Injini imezimwa, gari imesimama, upepo hakuna. Mbili, halafu moja.

Buya alitoka chini ya gari polepole, akafuta mkono kwenye suruali kama amegusa kitu kibichi. Akaniambia atarudi Garsen na boda. Nikadhani ni utani. Alirudi na boda.

Najua kuna mafundi humu wameshaanza kuandika jibu. Plastiki iko karibu na egzozi, inapata joto, inapanuka, ikipoa inalia. Nami nilijiambia hivyo hivyo, na huenda ni kweli. Lakini joto halijui kuhesabu, wakuu. Na joto halina kalvati moja linayoipenda.

Siku chache baadaye nilikuwa naosha gari nikaona rangi ya diffuser imefura. Hilo nalo halishangazi, rangi haishiki vizuri plastiki ile. Nikapitisha kitambaa, ile rangi ikabanduka.

Ilibanduka kwa umbo la mistari miwili na duara. Kwingine kote ilikuwa imeshika.

Niliogopa. Nilikaa juu ya ndoo pale gereji nikaitazama hiyo alama mpaka maji ya sabuni yakakauka mikononi. Na bado, ujinga wangu, sikutuma neno juu. Nilipiga rangi nyingine.

Mara ya mwisho nilipita pale nikakuta ng'ombe wanavuka barabara. Nikasimama juu ya kalvati kuwasubiri. Mwenye ng'ombe alikuwa mwanamume wa Kiorma wa makamo, anaitwa Barisa, jina nililijua baadaye. Gari ikagonga.

Barisa akawaacha ng'ombe wake. Akazunguka mpaka nyuma ya gari, akaegemea fimbo, akasubiri. Ikagonga tena.

"Hii naijua," akasema.

"Unaijua vipi?"

"Siku ya maji mimi nasikia. Huko." Akanyoosha fimbo upande wa mto, kwenye kichaka cha mikoma. "Asubuhi mpaka jua iko juu. Mimi naita, yeye nagonga. Mimi naita, yeye nagonga. Maji iko kati yetu, mimi hawezi kupita. Halafu akanyamaza."

Nikamuuliza kama alimwambia mtu.

"Nilisema Garsen, kwa watu ya mashua. Wakauliza, mtu gani, ya wapi? Mimi sijui mtu gani. Wakasema huku chini hakuna mtu natafutwa."

Nilifika kwa mama nikamweleza yote. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Hukutuma neno." Kisha akasema, "Kesho asubuhi uko Wenje."

Nilifungua diffuser pale pale uani kwake, bolti moja moja. Niliikwangua rangi mpaka alama ikaonekana, kana kwamba sikuwahi kuisugua, nikaifunga kwenye gunia.

Wenje sikuhitaji kutafuta. Mwanamke wa kwanza niliyemwonyesha alama, alikuwa anauza maembe kando ya barabara, alishika mdomo. Akaacha maembe yake na kunipeleka mwenyewe kwa Mama Eliya, ambaye alama ile ni ya nyumba yake.

Mama Eliya alikuwa anapukuchua mahindi. Nilifungua gunia mbele yake. Aliitazama alama, akatazama yale mapezi niliyoyafunga, sidhani alielewa ni ya nini. Hakuuliza.

"Umeipata wapi?"

"Kulesa. Kwenye shamba la mama."

"Lini?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. "Maji yalipotoka."

Aliweka gunzi chini. Halafu akaanza kusema, sauti ya chini, bila hasira, na ndiyo ilinimaliza. Mumewe alivuka akielea na pipa, mkono kwenye kile kitanzi cha kamba, kwenda kuokoa mbegu kwenye shamba la ng'ambo, maji yakaongezeka, hakurudi. Ndugu zake walimtafuta juu, kwenye kona za mto huko huko Wenje, siku baada ya siku.

"Hatukuja chini," akasema. "Tulisema kama ameshuka, pipa litaonekana, na watu wa chini watatuambia. Hakuna mtu alituambia."

Pipa halikuonekana, basi yakaanza maneno. Kwamba hakuzama. Kwamba ametumia mafuriko kutoroka, yuko Malindi kwa mwanamke mwingine. Ndugu za mumewe wenyewe walisema hivyo. Na alama ile aliyokuwa akiisubiri ilikuwa Garsen, chini ya bampa yangu, na Malindi ikapigwa picha.

Mimi ni mtu mzima, wakuu, na nililia mbele ya mwanamke nisiyemjua.

Kesho yake walishuka wanaume wa Wenje, na chifu, na polisi wawili. Barisa alitungoja kwenye kalvati tangu alfajiri. Alituongoza mpaka kwenye mikoma. Sitaeleza tulichokuta. Kilitosha kuzikwa, na mkanda aliovaa uliwaambia ndugu zake ni nani. Mmoja wao, yule aliyesema sana habari za Malindi, alikaa chini kwenye matope na kofia usoni.

Nimepiga hesabu mara nyingi. Pipa lilipofika kwetu Baba Eliya alikuwa ameshakufa, nisingemwokoa. Lakini ile miezi yote ya mkewe kuitwa mwanamke aliyekimbiwa, hiyo ni yangu.

Tulimzika Wenje. Baada ya maziko nilimfuata Mama Eliya, nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia bado. Nilimwambia kuhusu kugonga. Niligonga kwenye mlango wake kwa kidole, ili aelewe. Mbili, halafu moja.

Alishika ukuta.

Akasema mumewe alikuwa na desturi hiyo. Kila alipovuka kutoka shamba la ng'ambo, akifika ukingoni hugonga pipa namna hiyo, mbili kisha moja. Maana yake amefika, mkewe aweke maji ya sima motoni.

"Siku zote hizo amekuwa akigonga," akasema, "na mimi sijaweka maji."

Alitoka, akaenda jikoni. Tulikaa uani, waombolezaji wote, tukasikia akikoka moto na kuinjika sufuria. Hakuna aliyemzuia. Tukasubiri mpaka tukayasikia maji yakichemka.

Tangu siku hiyo nimepita kwenye kalvati mara nyingi, vioo chini, redio imezimwa. Kimya. Alama nilimwachia Mama Eliya, na mapezi niliyafungua yote. Bampa yangu ya nyuma iko tupu na itabaki hivyo. Wanaonitania stage wameacha kuuliza.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu. Lile neno la watu wa chini kuwaambia watu wa juu halikuwekwa kwa ajili ya pipa.

Mafundi, semeni yenu kuhusu joto na plastiki, nitasoma yote na sitabishana. Waliowahi kupatwa na kitu kama hiki nao wafunguke. Lakini kama nyumbani kwako kuna kitu kilicholetwa na maji, na kina alama, usinijibu kwanza. Tuma neno juu, maoni yako yataweza kungoja.