Fundi Aliyegeukia Ukuta

Hapa Mukalla, video ya harusi ikikupotezea picha, sauti ikabaki inaimba kwenye skrini nyeusi, huipeleki kwa fundi yeyote tu. Video ya ukumbi wa wanawake haitazamwi na mwanamume wa nje. Humo watu wamevua mabaibui, nywele ziko wazi, hina imepanda hadi viwikoni, na bibi asiyeweza kupanda ngazi za kwake anacheza mpaka anaombwa akae. Nayajua haya kwa sababu nyingi za video hizo nimezipiga mimi. Jina langu Tufaha, na kama uliolewa mtaa wa Dis katika miaka hii ya karibuni, basi nimekuona ukilia na wanja umekuchuruzika.

Fundi wa video hizo alikuwa mmoja tu, Karama. Duka lake linatazamana na langu, katikati uchochoro mwembamba kiasi kwamba nikikaanga samaki anayepiga chafya ni yeye. Juu ya meza yake aliweka kibao cha mviringo alichokichonga mwenyewe, kinachozunguka, na juu ya kibao ikakaa skrini ya kompyuta. Akitengeneza programu, skrini inamtazama yeye. Ikifika zamu ya kufungua video, anaizungusha iwatazame wanawake kwenye benchi, halafu anageukia ukuta.

"Sasa?" anauliza ukuta.

"Bado," wanamjibu.

Basi wanaifunga video, anairudisha skrini kwake, anachokonoa, anaizungusha tena. Kazi ikiisha, mteja anafuta nakala kwa mkono wake mwenyewe, na Karama hageuki mpaka aambiwe tayari. Mimi nami lazima niwepo, maana mwanamke hakai dukani na mwanamume peke yake. Nusu ya maisha yangu imeishia kwenye benchi la yule mtu, na asante yenyewe alikuwa akiitoa kwa kubana kama anayekamua limau kavu.

"Karama," nilikuwa nikimchokoza, "ukuta huo mwisho utakuzalia watoto."

"Heri ukuta, dada Tufaha. Unasikiliza na hausemi."

Aliishi chumba cha nyuma ya duka. Mama yake alifariki kwa homa ya uzazi, yeye bado mchanga, akalelewa na bibi yake. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni. Wote hao walishatangulia. Siku za kawaida hukuuona upweke wake, kwa sababu watu walikuwa wakiingia na kutoka. Uliuona sikukuu. Sikukuu wanaume wa hapa huzunguka nyumba hadi nyumba kuwasalimu mama zao, dada zao, shangazi na wapwa, na hurudi mchana wamelemewa na halua. Karama alitoka kuswali, akasalimiana na watu uwanjani, na kabla chai yangu haijachemka nikawa nasikia kufuli la duka lake likifunguliwa. Hakuwa na mwanamke hata mmoja duniani wa kwenda kumbusu mkono. Ilikuwa inaniuma, na kwa kuwa sijui kuumia kimya, nilikuwa nampelekea sahani ya wali na maneno makali.

Kuoa, alijaribu mara moja. Akiwa kijana alikuwa akipanda kwenye mapaa kutengeneza antena za televisheni, na nyumbani kwa Mzee Awadh antena ilikuwa haitulii. Yeye juu anaizungusha, na chini, nyuma ya dirisha la mbao, binti wa nyumba anampigia kelele: "Bado! Bado! Imekuja! Aa, umeipoteza, fundi gani wewe!" Binti huyo ni Ashwaki. Uso wake Karama hakuwahi kuuona ukubwani. Alipenda sauti na matusi yale. Akatuma posa.

Jibu likaja kwamba mtoto wa mchukuzi asisahau anapokaa. Hakuposa tena popote. Ashwaki akaolewa na mwingine, harusi nikaipiga mimi, ikiwa kazi yangu ya tatu au ya nne. Akazaa binti, Intisar, na kabla mtoto hajaanza kutembea maradhi yakamchukua mama.

Mwezi uliopita, baada ya swala ya alasiri, Bi Muzna alikuja dukani kwangu akiwa na mjukuu wake Intisar. Bi Muzna ni mama yake Ashwaki, mjane wa Mzee Awadh. Mzee yule hakutaka watu wa nyumba yake wapigwe picha, wala hakujua kuwa harusi ya bintiye ilipigwa video. Diski niliyompa Bi Muzna ilifichwa chini ya kanga na vitambaa sandukuni mpaka mzee alipofariki mwaka jana. Mimi sibaki na nakala, ndiyo kanuni ya kazi yangu. Kwa hiyo picha ya Ashwaki duniani ilikuwa hiyo moja.

"Tunasikia tu," Intisar aliniambia. "Shangazi Tufaha, namsikia mama anacheka. Skrini nyeusi. Mimi naolewa Ijumaa ijayo na sijui mama yangu alifananaje. Bibi akinieleza anaanza kulia, basi sijapata hata pua."

"Twendeni hapo ng'ambo ya uchochoro," nikasema. Nilijua naipeleka sauti ya nani, na kwa nani.

Karama alisimama alipomwona Bi Muzna, kama anavyowasimamia wazee wote. "Karibu, mama." Akapokea diski, akainusa harufu ya udi wa sandukuni, akainakili kwenye kompyuta, akazungusha skrini, akageukia ukuta.

Ngoma ikaanza. Vigelegele. Halafu sauti ya msichana, karibu kabisa na kamera, ina kicheko ndani yake: "Tufaha, imekuja? Au bado?"

Nilikuwa nimesahau kwamba aliniuliza hivyo. Kamera ilikuwa mpya na mimi sikuwa naijua vizuri. Mabega ya Karama yalipanda, yakakaa hapo hapo. Bi Muzna alimtazama mgongo wake, kisha akainamisha uso.

"Mnaona nini?" Karama aliuliza.

"Giza, ami," Intisar akajibu.

"Giza tupu, au kuna rangi rangi?"

"Giza tupu."

Akairudisha skrini, akaanza kueleza, maana akipata woga huwa anaeleza. "Video ni mizigo miwili katika gunia moja, sauti na picha. Sauti imefungwa kwa fundo ambalo kila kompyuta inajua kulifungua. Picha imefungwa kwa fundo la kizamani. Haijafa. Imefungwa tu. Tutafute programu inayolijua fundo lake."

"Itafutwe leo," alisema Bi Muzna.

"Leo, mama, kama mtandao una huruma."

Mtandao haukuwa na huruma. Programu ilishuka kidogo kidogo, umeme wa mtaa ukakatika, tukaingia kwenye betri ya jua, na mimi nikaenda kuchemsha chai ya maziwa ili nisimtazame yule mtu usoni. Niliporudi alikuwa ameiweka programu ya kwanza. Skrini ikazungushwa. Intisar akapiga ukelele.

"Imekuja?" Karama aliuliza haraka.

"Imekuja, lakini ami, mama yangu yuko kichwa chini!"

Tukacheka wote, hata Bi Muzna. Watu walikuwa wakicheza darini na taa zikining'inia sakafuni. Karama naye alicheka na ukuta wake. "Mwache hivyo hivyo, dada Tufaha ndivyo alivyokuwa akishika kamera."

"Nenda zako," nikamwambia.

Akairudisha, akaitoa programu ile, akaweka nyingine. Akazungusha. Safari hii hakuna aliyepiga ukelele. Kwenye skrini alikuwa Ashwaki, wima, amekaa kwenye kiti chake cha mito ya kijani, shada la rihani kichwani, anatazama kamera kwa dharau ya mchezo. Intisar alinyanyua mkono akajishika pua. Aliishika kwa muda mrefu.

"Ni hii," alisema. "Bibi, ni hii yangu."

"Ndiyo hiyo," Bi Muzna akasema, na machozi yakamshuka hadi kidevuni.

"Midomo inakwenda na sauti?" Karama aliuliza. Ndilo swali lake la mwisho kwa kila mteja.

"Inakwenda, ami."

"Basi tayari. Mkishatosheka, binti yangu, ifute kwenye kompyuta kwa mkono wako. Dada Tufaha atakuonyesha." Paji lake la uso alikuwa ameliegemeza ukutani. Nilitamani kumpiga kofi na nilitamani kumfunika shuka.

Ndipo Bi Muzna aliposema, "Karama, geuka."

"Mama, siwezi."

"Geuka. Ni halali yako. Mimi nimekunyonyesha."

Ngoma iliendelea kulia kwenye spika.

"Mama yako alipokufa," Bi Muzna alisema, akiongea na ule mgongo, "Ashwaki alikuwa mchanga kama wewe. Bibi yako akawa anakuleta mlango wa nyuma, Awadh akiwa sokoni. Nikakunyonyesha siku nyingi, si mara moja wala mbili, mpaka ukakubali maziwa ya mbuzi. Awadh alikuwa ameapa: ukimpa mtoto wa nje maziwa bila mimi kujua, talaka yako. Hakutaka jamaa asiowachagua yeye. Bibi yako akafa na siri, nikabaki nayo mimi."

"Mama," Karama akasema taratibu, "siku nilipotuma posa ulijua?"

"Nilijua. Walionyonya titi moja ni ndugu, na kaka haoi dada. Ilibidi uzuiwe, na sikuwa na mdomo wa kusema kwa nini. Nikamwambia Awadh, huyo ni mtoto wa mchukuzi. Alilidaka neno hilo kwa furaha."

"Nikaamini."

"Ukaamini. Nikasema utaoa kwingine, utasahau. Hukuoa. Kila sikukuu nilikuwa nakuona dirishani ukipita peke yako, narudi ndani nawapakulia wengine. Sikustahili maziwa yale, mwanangu."

Nilikuwa nahesabu vitu alivyonyimwa: mama wa kumbusu mkono, hatua chache tu kutoka dukani kwake. Dada ambaye angemtukana uso kwa uso, shela imewekwa pembeni, chai katikati yao. Mke asingempata kwa Ashwaki, hilo lilikuwa la sheria. Lakini mengine yote yalikuwa yake, na wakayafungia sandukuni.

Karama aligeuka. Aligeuka kwa vipande, kwanza bega, kisha uso, macho bado chini. Intisar ndiye aliyerudisha video nyuma kidogo. Ashwaki akainama kuelekea kamera, akacheka: "Imekuja? Au bado?"

"Imekuja," Karama akamjibu.

Akamtazama mpaka nyimbo zikaisha na watu wakaanza kuvaa mabaibui yao. Hakulia. Mara moja tu alisema, "Kumbe ana kidoti hapa," akagusa shavu lake mwenyewe.

Intisar alisogeza kipanya kwenda mahali pa kufutia, halafu akakiachia. "Sifuti," alisema. "Hii nakala ni yako, mjomba. Na Ijumaa uje nyumbani mapema, unisalimu kabla watu hawajajaa." Alilisema neno mjomba kwa kujaribu, kama anayeonja chumvi, kisha akalirudia vizuri zaidi. Akakivua kitambaa cha uso, kwa sababu mbele ya mjomba sasa aliweza, akampa ile pua aitazame.

Karama akainama, akaubusu mkono wa Bi Muzna. Nilidhani yameisha. Nikaanza kukusanya vikombe. Hapo akauliza, bado ameushika mkono ule, bila hasira hata kidogo, na ningependa angekuwa na hasira:

"Ashwaki aliposhushwa kaburini, nani alishuka naye?"

Huku kwetu mwanamke hushushwa na wanaume wake: mume, mwana, baba, kaka. Bi Muzna akajibu, "Baba yake mgongo ulikuwa mbovu, mumewe alikuwa safarini. Alishuka ami yake, na mtu mmoja wa msikitini. Simjui jina."

"Namkumbuka," Karama akasema. "Nilikuwepo. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na lango. Aliuliza kwa sauti, 'Jamani, ndugu yake yupo?' Nami nikageuka nikatazama watu, kama wengine, kuona nani atatoka."