Zabibu za Taif na Hamira ya Mama

Mimi ni mtu wa ndani. Kutoka kwangu hadi soko la Batha, hapa Riyadh, ni safari ya kuagwa kwa dua. Juzi nilijikokota kununua vitunguu, nikapita penye kreti la zabibu zilizoanza kuchacha juani. Ile harufu! Tamu, kali, inayochoma pua. Nikasimama nikicheka peke yangu, watu wakanipisha njia.

Nilikuwa na miaka minane, Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Baba alikuwa dereva na mama mpishi wa Bosi Renzo, Mwitaliano ambaye kwao, kwenye vilima vya Emilia, ukoo mzima ulitengeneza mvinyo. Huku mvinyo ni marufuku, basi bosi alijiliwaza kwa juisi ya zabibu za Taif. Nyeupe aliinywa na samaki, nyekundu na mbuzi, akitueleza sababu utadhani anahutubu. Mama alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Bosi, kwetu samaki mwenziwe ni ndimu. Basi."

Kilichomsikitisha bosi ni kimoja tu. "Nyekundu ya kwetu ina povu," alisema. "Povu ndilo linalokata mafuta ya nyama. Hii imenyamaza."

Ikaja habari kwamba mamake mzazi, bibi wa shamba lenyewe la mizabibu, angefika kutoka Italia, ale nasi Ijumaa. Moyo ulinidunda! Povu? Mimi, binti wa mpika mahamri wa Mombasa, nishindwe na povu? Jumatano nikachota hamira ya mama, nikatia kwenye chupa tatu za juisi nyekundu, na sukari juu, nikazifunga kwa nguvu zangu zote, nikazificha stoo kwenye joto. Nilijiona mtaalamu, mimi niliyekuwa nashika mkia darasani.

Ijumaa, pilau ya mbuzi mezani, nikaingia na chupa moja nimeikumbatia kama mtoto mchanga. "Bosi, fungua!" Akafungua. Pwaa! Povu jekundu likapaa hadi kwenye taa, likamshukia bibi wa watu kichwani. Nikapiga makofi.

Mama alinusa mara moja, akashika ukingo wa meza. "Wewe mtoto! Umetia hamira?" Akamgeukia baba, sauti chini: "Baba Zuhura, halas, tumekwisha. Hii ni pombe. Polisi wakijua, ikama zetu za ukaazi zimekwenda, na sisi nyuma yazo."

Bibi akajipangusa, akalamba kidole, akasema jambo kwa Kiitaliano. Bosi akacheka hadi machozi. "Asema siku mbili ni chache mno, na sukari umezidisha."

Kisha akaniuliza nyingine ziko wapi, nikamwonyesha stoo. Akabeba chupa zote tatu hadi jikoni, akaanza kuzimwaga. Nilimfuata nikilia. Aliinama, pua karibu na lile povu, akakaa hivyo kitambo.

"Bosi, acha nioshe mimi," mama alisema.

"Hapana, Mama Zuhura. Akija mtu kuuliza, chupa ni zangu."

Nilimnunia mwezi mzima, eti kanimwagia utaalamu wangu. Ilibidi nikue, niishi na ikama yangu mwenyewe, ndipo nielewe. Yule mtu alikuwa ameshika kwao mikononi, kunatoka povu, kunanukia, naye akafungulia bomba ili sisi watatu tusirudishwe. Hata kijiko sikuwahi kumwona akiosha. Siku ile alilisugua sinki kwa sabuni mara tatu.