Jerono na Ile Bass Fupi ya Kijani

Leo asubuhi nimempigia Jerono kumuuliza tunaanza na wimbo gani Jumamosi. Simu ikaita mpaka ikakatika, ndio nikakumbuka.

Kwa wale hawajasikia, Jerono alituacha Jumanne. Homa ya mapafu, siku nne tu hospitalini. Kwa bendi tulikuwa tumepanga zamu za kwenda kumuona. Yangu ilikuwa Jumatano.

Kama umewahi kualikwa harusi hapa Nakuru na ukaona dada mfupi amesimama karibu na drums, macho amefunga, gitaa la bass begani, huyo ndiye yeye.

Tumepiga pamoja miaka kumi na moja, mimi kwa drums. Nikipotea katikati ya wimbo, yeye ndiye alikuwa anajua wa kwanza. Hangesema kitu. Angenitazama tu, atabasamu, halafu aningoje pale mbele nimpate.

Weekdays alikuwa packhouse ya shamba moja la maua Naivasha, upande wa grading, kuchagua na kupanga maua kwa urefu. Roses kutoka asubuhi mpaka shift iishe. Ijumaa jioni anakuja Nakuru kwa rehearsal, mikono bado inanuka majani.

Hiyo kazi ndiyo ilimmaliza mkono wa kushoto. Ulianza kwa kufa ganzi vidole viwili. Bass yake ya zamani nayo ilikuwa ndefu na nzito, mpaka anyooshe mkono wote ndio afikie noti za kule mwisho.

Harusi moja Njoro, bibi harusi akiwa ndio anaingia, nikasikia bass imenyamaza. Kugeuka, Jerono amekumbatia mkono kifuani, machozi yanamtoka. Daktari akamwambia asiguse gitaa kwa miezi sita.

Sasa hapa kuna kitu sijawahi kusema mbele ya watu.

Hatukumngoja. Tulichukua bassist mwingine, na mimi ndiye nilisema tusimwambie kwanza, atakuja kujua pole pole. Alijua kwa picha. Mtu alitutag hapa hapa mtandaoni, sisi wote tunacheka, na mtu mwingine amesimama mahali pake.

Hakunipigia. Mimi pia sikumpigia. Aibu.

Miezi miwili baadaye, ile sita ya daktari ikikaribia kuisha, Jumamosi moja akabisha kwangu Free Area, amebeba kitu imefungwa kwa leso.

"Mwangi, uko na sandpaper?"

Nikafungua leso. Ilikuwa bass, lakini fupi kuliko zote nimewahi kuona, na kule juu haina kichwa. Shingo inaisha tu hapo, ni kama imekatwa na panga. Vile vitu vya kukaza nyuzi viko huku chini, nyuma ya body. Halafu mwenye alikuwa nayo kabla yake alikuwa ameipaka rangi ya mafuta, kijani ya geti.

"Hii ni gitaa ama ni mwiko?"

"Ni saizi yangu," akasema. "Mkono unafika kila mahali na hauumi. Lakini siwezi enda harusi ya watu na geti."

Tukatoa nyuzi, tukaketi nje kwa ngazi. Yeye anaishikilia kwa magoti, mimi nasugua. Chini ya kijani kulikuwa na blue, chini ya blue kulikuwa na nyeupe. Jumamosi ya pili ndio tulifika kwa mbao. Ilikuwa ya kahawia, na jicho moja jeusi karibu na ukingo. Nikataka kulijaza na filler, akakataa. "Hapo ndipo tawi lilikuwa. Wacha likae."

Jumamosi ya tatu tulikuwa kwa ile sandpaper laini ya mwisho, kabla ya kupaka vanishi. Akaongea bila kuinua macho.

"Huyo bassist wenu anapiga vizuri."

Nikaacha kusugua. "Jerono, mimi ndiye nilisema usiambiwe."

"Najua. Ndio maana nilileta kwako. Ningepeleka kwa fundi, saa hii ningekuwa bado na hasira."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe wiki ya kwanza. Sugua, usisimame hapo, utaacha alama."

Gig ya kwanza na hiyo bass ilikuwa Kikopey, birthday ya mzee mmoja amefika miaka themanini, familia yote imekuja kula nyama. MC akaona bass. "Huyu dada gitaa yake ilikatwa kichwa na nani?" Watu wakacheka sana.

Jerono akasogea kwa mic. "Kichwa niko nayo mimi. Inatutosha wawili."

Halafu akaanza. Sijui niwaelezee aje. Ile mbao ndogo ilitoa sauti nilihisi kwa kiti yangu. Mzee mwenyewe akaweka mfupa chini, akapanguza mikono, akasimama na fimbo yake akacheza. Tulipiga mchana wote. Tukipanga vyombo, Jerono akanionyesha vidole, akivikunja na kuvikunjua. "Haijauma, Mwangi. Hata kidogo." Alirudia mpaka nikageuka nisilie mbele ya watu.

Yule bassist mwingine alihamia rhythm guitar mwenyewe, hakuna mtu alimwambia. Tangu siku hiyo Jerono hakukosa gig hata moja, miaka minne.

Jana nilienda kwao Mogotio. Nikasalimia mamake, nikaanza kujitambulisha, akanishika mkono.

"Wewe ndiye Mwangi alimtengenezea gitaa."

Nikajibu, ndiyo mama.

"Alikuwa anakusema hapa kila akija."

Hilo ndilo jambo moja tu mama alijua kunihusu. Lile lingine Jerono hakuwahi kulifikisha nyumbani.

Dada yangu, nimekaa na wewe miaka hii yote na bado ulikuwa mkubwa kuliko nilivyojua. Familia imeomba tupige siku ya mazishi. Nitapiga. Nikipotea, nitatafuta njia mwenyewe.

Lala unono, Jerono.