Waliomzika Mama Nikiwa Safarini

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, nayo ni siku niliyomdanganya mtu aliyekuwa hajanifanyia baya lolote. Nilikuwa na miaka kumi na saba, umri wako wewe sasa. Mama yako alikuja jana akaniambia kwamba akademia ya mpira inataka kukuchukua kiangazi hiki mkacheze nje wiki nne, na timu ya mtaa nayo inakutaka kwa mashindano ya hapa hapa, na wewe huli ukashiba wala hulali vizuri. Akaniomba mimi babu yako nikwambie uende. Sikumjibu. Nakujibu wewe, na jawabu langu ni refu kidogo, univumilie.

Wakati huo tulikaa Hamriya, hapa hapa Maskati, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, mimi na mama yangu tu. Baba alifariki Unguja kabla hatujahamia huku. Kiarabu changu kilikuwa kibovu na shuleni wakinicheka. Timu ya mtaa ndiyo iliyonipokea. Tukicheza baada ya laasiri kwenye uwanja wa changarawe, ardhi bado inachoma nyayo, na kapteni wetu Naser, fundi magari aliyetuzidi miaka kumi, alinifundisha mpira na lugha kwa pamoja, matusi kwanza. Kila Ijumaa mama alitukaangia vitumbua, sinia zima, akamkabidhi Naser mkononi, kwa sababu hakuniamini mimi kuwa vitafika.

Nyinyi timu ya mtaa mnaijua kwa jezi. Kwetu sisi ilikuwa zaidi ya hapo. Ikitokea harusi, wachezaji ndio waliopanga viti. Ikitokea msiba, ndio waliochimba kaburi, wakapokezana jeneza, wakasimama siku tatu na dele la kahawa wakiwamiminia wageni. Mzee akiugua, kapteni alijua zamu ya nani kumpitia. Hakuna aliyetuandikia hayo, tuliyakuta.

Basi kiangazi hicho klabu moja ya mjini ikanichagua kwenda nayo Misri, wiki tatu, wiki zile zile za mashindano ya mitaa. Naser akaja kuniuliza kama nitakuwepo. Nikamwambia nitakuwepo, na mkono nikampa. Begi langu lilikuwa tayari chini ya kitanda. Niliona haya kumwambia, hilo kweli, lakini nisikufiche, nilikuwa nimeshaanza kuwaona wenzangu ni watu wa changarawe na mimi ni mtu wa majani. Upumbavu wa ujana, unajua mwenyewe unavyonoga.

Mama alikuwa na sukari, na mguuni alikuwa na kidonda kisichopona. Asubuhi ya safari nilimwona akienda jikoni ameshika ukuta.

"Mama, mguu vipi leo?"

"Mzima. Nenda mwanangu, usije ukawachelewesha watu."

"Nikae?"

"Ukae ufanye nini? Nna majirani mie, siko peke yangu."

Hilo "nikae" nililisema kama mtu anayeomba akataliwe, na mama alinijua, akanikatalia. Nikambusu mkono nikashuka ngazi mbio. Harufu ya kile kidonda niliisikia, mwanangu. Niliisikia, nikajifanya sikuisikia.

Wiki ya pili tulishinda mechi na bao moja nilifunga mimi. Tulipotoka uwanjani mkuu wa msafara akaniita pembeni, akaniambia mama yangu amefariki jana asubuhi na ameshazikwa. Habari alikuwa nayo tangu jana ile ile. Aliona bora aningoje nimalize mechi. Kwa hiyo nilicheza dakika tisini na nikashangilia, mama yangu akiwa chini ya ardhi.

Nilifika Maskati siku ya tatu, matanga yanamalizika. Timu nzima ilikuwepo. Siku ya maziko walikuwa na mechi, hawakwenda, wakahesabiwa wameshindwa. Walichimba kaburi kwenye jua la adhuhuri. Kwetu mwanamke huteremshwa kaburini na maharimu wake, jamaa wa kiume wasioweza kumwoa, na mama hakuwa na maharimu mji huu ila mimi. Akaingia Naser, na mzee mmoja jirani, wakampokea.

Nikamkuta Naser ameshika dele la kahawa. Nikaanza kumshukuru, akanikatiza. Alisema kwa Kiarabu, taratibu, bila ya hasira yoyote, na afadhali angenipiga.

"Usinishukuru, hatukumzika kwa ajili yako. Ulipotukimbia tulikasirika, tukaapa hatupandi tena ngazi zenu. Ijumaa vitumbua havikuja, tukasema mama kaona haya kwa ulivyotufanyia. Jirani alipokuja kumwona alikuwa hajitambui. Ungeniaga tu, kila siku ningempitia."

Kisha akanipa kikombe, kwa sababu nilikuwa mfiwa, na mfiwa hupewa kahawa.

Miaka mingi nilijaribu kumlaumu yule mkuu wa msafara, nikajaribu na ndege, nikajaribu na sukari. Havikunisaidia. Mama alihesabu watu wa kumtazama, na mimi kwa uwongo mmoja niliwaondoa wote.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikwambii usisafiri, wala sikwambii mpira wa mtaani ni bora kuliko wa akademia. Ukienda utajifunza mengi, na huo ndio ukweli. Nakwambia usiondoke kwa kutoroka. Nenda kwa kapteni wako leo, mwambie uso kwa uso, akasirike mbele yako, akutukane ikibidi. Mtu aliyeagwa hujua nani kabaki nyumbani. Na ukimwuliza mama yako kama uende, atasema nenda, mama zetu hawana neno jingine. Usimsikilize, mtazame.

Jana mama yako alipokuja kuniomba nikwambie uende, alikaa kwenye kochi akavua kiatu kimoja tu. Guu limevimba. Nikamwambia twende hospitali, akasema ni joto. Mimi nimezeeka, hanisikii. Wewe atakusikia. Mpeleke kesho, ukae naye mpaka daktari aseme kitu, ndipo ukamjibu mtu wa akademia.

Mungu akupe miguu myepesi, mwanangu, akupe na macho, na kila utakaporudi akukutanishe na wote uliowaacha.