Mama Amepewa Jina la Nani

Mimi si mtu wa kutoka. Wenzangu tuliohamia nao Sydney wameshaona fukwe, milima na kila mnyama wa nchi hii. Mimi nimeona kituo cha treni cha Quakers Hill, jiko la nyumba ya wazee ninakopika kule Blacktown, na duka moja la Merrylands linalouza unga unaosongeka vizuri. Nikimaliza shifti narudi kwenye kochi langu na leso kiunoni. Mzee wangu, yaani mume wangu, husema siku nikionekana ufukweni itabidi polisi waitwe, maana nitakuwa nimetekwa.

Kwa hiyo ukitaka mtu wa kukutafutia ndugu waliopotea, mimi ni wa mwisho kutumwa. Mama alinituma.

Ilikuwa Jumamosi, jioni yangu, adhuhuri yake kule Nakuru. Alikuwa ametoka kwenye mazishi ya rafiki yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeudhika.

"Wamesoma historia ya marehemu," akasema. "Alizaliwa na fulani, akapewa jina la nyanya yake, binti wa fulani, wa ukoo fulani. Imenyooka kama uzi. Sasa yangu itasomwaje?"

"Mama, wewe hujafa."

"Sijakuuliza kama nimekufa. Nimeuliza itasomwaje. Watafika kwa nyanya yangu wanyamaze, watu waanze kukohoa. Nimebeba jina la mtu miaka yote hii na sijui alikuwa nani. Wewe una kompyuta. Mtafute."

Inabidi nieleze kidogo. Kwa watu wa mama, kule kwenye miteremko ya Murang'a, jina la mtoto halichaguliwi kwa sababu linapendeza. Kijana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba. Binti wa kwanza huchukua la nyanya mzaa baba. Wanaofuata huenda upande wa mama yao. Na ukipewa jina la mtu, hukumbushi tu, unakuwa yeye. Mama ndiye binti wa kwanza wa baba yake, kwa hiyo babu alimwita binti yake "mama" mpaka anaingia kaburini.

Sisi tulilelewa mjini kwa Kiswahili, kwa kuwa baba yetu alitoka kabila jingine, na tulipokwenda Murang'a wakati wa likizo jambo hilo lilituchekesha mpaka tukaumwa mbavu. Mzee mwenye mvi, mrefu kama mlango, anainuka kwenye kigoda chake, anakifuta kwa kiganja, anamwambia mama yetu, "Karibu mama, keti." Naye mama anaketi bila wasiwasi, kama mama mkwe. Mimi na kaka yangu mdogo tulirudi Nakuru tukiigiza. Yeye alikuwa babu, mimi nikawa mama, na besheni ya kufulia ndiyo ilikuwa kigoda.

Lakini wazazi wake mwenyewe babu hakuwataja. Tulijua tu kwamba aliletwa akiwa mdogo, mwaka wa njaa, kutoka ng'ambo ya mto, kwenye boma ambako kulikuwa na chakula, akalelewa humo akichunga mbuzi. Ukimuuliza zaidi, aliuliza kama mbuzi wamefungiwa, akainuka. Hata jioni ambayo mbuzi wote walikuwa mbele yetu wakitutazama.

Basi nikaanza. Nilikwenda maktaba ya Blacktown, safari ambayo mzee wangu aliipigia makofi. Kuna mama mmoja wa kizungu pale, mstaafu, anayejitolea kusaidia watu kutafuta mababu zao. Akanionyesha wa kwake kwenye sensa za zamani za Uingereza: babu wa babu yake, mkewe, watoto, mtumishi, na kazi ya kila mmoja. Hata shangazi kiziwi ameandikwa kuwa ni kiziwi. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe. Akaniuliza sensa ya kwetu inasemaje. Tulitafuta pamoja asubuhi nzima. Ya kwetu ya zamani ilihesabu vichwa, kama mtu anavyohesabu kuku jioni. Jina la kuku huliandiki. Yule mama alifunga kompyuta polepole, akaniletea biskuti.

Ikabaki ardhi. Nilimpigia kaka yangu, yule wa besheni, ambaye sasa ana kitambi na gari, nikamwomba aende ofisi ya ardhi akaulizie shamba la babu.

"Sawa, bosi wa Australia," akasema. "Wewe utafuta ukiwa umelala, mimi nipange foleni."

Alikwenda. Akanitumia picha ya karatasi iliyopigwa muhuri, na hapo palikuwa na jina la babu, "mwana wa" fulani. Nilishindwa kukaa. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na serikali ikiandika kitu na kugonga muhuri, mimi naamini. Nilimpigia mama nikiwa nimesimama, nikamsomea jina la babu yake kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Mama akacheka kicheko kirefu.

"Huyo mzee nimekula kwake maharagwe," akasema. "Ndiye aliyemlea baba. Akampa shamba, akamwandikisha kama mtoto wake. Nimekutuma unitafutie watu wangu, umeniletea jirani."

"Lakini mama, muhuri…"

"Muhuri haukumzaa mtu. Hebu niambie, kaka yangu mkubwa anaitwa nani? Ana jina la huyo mzee? Hana. Aliyepewa jina la mzee ni kijana wa tatu, kwa shukrani. Sasa wa kwanza alipewa jina la nani? Na mimi je?"

Nilikaa tena kwenye kochi. Babu, aliyekimbilia mbuzi kila tulipomuuliza, kumbe alikuwa ameshatujibu. Kijana wake wa kwanza amebeba jina la baba yake wa kweli. Binti yake wa kwanza amebeba la mama yake. Nimekula na mjomba, nimechapwa na mama, na wala sikujua nilikuwa mbele ya wale wale niliokuwa nikiwatafuta.

"Tafuta ng'ambo ya mto," mama akasema. "Tafuta mtu ambaye baba yake ana jina la kaka yangu."

Hii kazi ya pili niliipenda, kwa sababu haikuhitaji viatu. Mtu akifa kwetu na watoto wakaenda mahakamani kuomba mirathi, tangazo hutolewa kwenye gazeti la serikali, na magazeti hayo ya zamani yamewekwa kwenye mtandao. Kurasa zenyewe ni nyingi na zinachosha kama kupembua mchele wenye mawe. Mzee wangu alizoea kula ugali akinitazama nikisoma matangazo ya vifo vya watu nisiowajua. "Umepata wa kulia leo?" ananiuliza.

Jioni moja nilipiga yowe, akaangusha kijiko.

"Mama anarithi shamba la watu!"

"Basi mwambie atukumbuke," akasema, akaokota kijiko.

Lilikuwa tangazo la mirathi ya mzee wa ng'ambo ya mto. Walioomba ni wawili, mwanawe wa kiume na bintiye. Yule wa kiume ana jina la mjomba wangu mkubwa. Yule wa kike ana jina la mama, na jina la mama si la kila mtaa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba huyo si mama yangu. Ni mtoto wa mwanaume mwingine ambaye kijana wake wa kwanza na binti yake wa kwanza wamepewa majina yale yale ya watoto wa babu. Mwanaume mwenye baba yule yule, na mama yule yule. Kaka yake babu.

Safari hii sikumpigia mama. Nilishaaibika mara moja. Nilimrudisha kaka yangu ofisi ya ardhi, akalalamika njia nzima, na kweli marehemu yule alikuwa ameandikwa mwana wa jina tulilolitaka. Kaka hakulalamika tena. Wiki iliyofuata alimpakia mama kwenye gari bila kumwambia mengi, akampeleka Murang'a, ng'ambo ya mto, kwenye boma ambalo mama alikuwa hajawahi kukanyaga.

Mimi nilikuwa sebuleni Quakers Hill, nimeegemeza simu kwenye kopo la sukari. Nilichoona kwanza ni dari, kisha kidevu cha mama, kisha wazee wawili wa kike wamekaa wakitazamana, wamefunga vitambaa kichwani kwa namna moja.

"Wewe ndiye nani?" akauliza mwenyeji.

Mama akataja jina lake.

"Aa, hilo ni langu."

"Wajina," mama akasema. "Mimi ni mtoto wa yule aliyepelekwa kuchunga mbuzi."

Yule bibi alimshika mkono, na hakuuachia tena muda wote niliokuwa nikitazama. Alisema baba yake, yule marehemu wa kwenye tangazo, alimtaja mdogo wake mpaka mwisho. Aliwahi kuvuka mto kwenda kumchukua, akamwona kwa mbali mlimani na mbuzi, ameshiba, anapiga mluzi. Yeye mwenyewe nyumbani hakuwa na cha kumlisha. Akageuka bila kumwita. Walipokuwa watu wazima aliona haya kwenda.

"Na yeye?" mama akauliza. "Mwenye jina letu. Hakwenda kumchukua mtoto wake?"

Nilipunguza sauti ya televisheni ambayo hata haikuwa imewashwa.

"Angeendaje? Mume alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi. Njaa ikaingia. Mkubwa alikuwa anaweza kuchimba mizizi, mdogo hawezi. Akambeba mgongoni akamvusha, akawaambia wale watu, mvua ikinyesha nitakuja. Homa ikamchukua kabla ya mvua."

Mama akauliza, "Alikuwa na umri gani?"

"Alikuwa msichana tu. Uzazi wake ni huo, watoto wawili basi."

"Mimi siku zote nilidhani ni bibi kizee," mama akasema. "Tangu nikiwa mdogo natembea polepole kwa ajili yake. Naketishwa kwa heshima. Kumbe ni mtoto."

"Sasa ni mtoto wetu," yule bibi akasema. "Mimi nina wajukuu wanaomshinda umri."

Wakalia, si kwa sauti, wakapanguzana kwa ncha ya leso moja. Kaka yangu alitoka nje kuangalia gari, gari ambalo halikuwa na shida yoyote. Mimi sikuwa na pa kwenda. Nililia na kopo langu la sukari.

Baadaye mama alikumbuka kwamba niko kwenye simu. "We mtoto, uko hapo? Andika. Utakaponiandikia historia yangu, sema: alipewa jina la msichana aliyemvusha mtoto wake mto ili ale."

"Hiyo ni nzuri," wajina wake akasema. "Mniwekee na mimi."

"Yako wataisoma baada ya yangu. Mimi ndiye niliyeitafuta."

"Kwani umri wako ni upi? Mimi nimezaliwa kabla yako, nisomewe nyuma?"

"Nani kasema umezaliwa kabla yangu?"

Wakaanza kubishana nani mkubwa, kila mmoja akihesabu kwa mazao na mafuriko anayoyajua yeye. Mtu akaleta chai, simu ikaegemea kitu, nikabaki naangalia dari yao ya mabati na kuwasikiliza.